Nguzo Nyuma ya Kabati

Alhamisi, 2 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kile kikohozi kimeniacha, wewe sijui masikio yanasemaje. Shangazi ameniambia kwamba siku hizi hata mlango ukigongwa husikii, unangoja mtu aingie ndipo umkaripie kwa kuingia bila hodi. Basi tuendelee na barua, maana nikikupigia simu nauliza habari za mgongo, najibiwa "eeh, mvua bado."

Nina habari njema. Mwalimu Mkuu wetu amefanya jambo. Kuanzia jana, kila Jumatano watoto wanaondoka saa sita, na sisi walimu tisa tunakaa pamoja mpaka saa nane kupanga masomo. Hakuna kusahihisha madaftari, hakuna kupokea wageni. Unaweza kucheka, lakini nimefundisha hapa miaka miwili na jana ndiyo nimejua kwamba mwalimu wa Darasa la Tatu huwafundisha kugawanya kwa njia nyingine kabisa, halafu wakija kwangu la Nne nawaambia ile njia ni makosa. Miaka miwili tunawavuta watoto wa watu kama kamba, huyu huku, yule kule!

Sharti la Mkuu ni moja: kila mmoja aanze kwa kusema kilichomshinda wiki hiyo. Tulikaa kimya kama wanafunzi waliosahau kazi ya nyumbani. Mwisho mzee wetu wa Kiswahili, tunayemwita Kamusi, akakohoa, akasema, "Mimi kilichonishinda ni kimya hiki." Tukacheka, ndimi zikafunguka.

Sasa swali la ufundi. Mlango wa darasa langu, huku juu ghorofani, hautaki kufunga. Mwaka jana ulikuwa unakwaruza tu, mwaka huu nausukuma kwa bega. Nimwite seremala aurande?

Msalimie Shangazi.

Binti yako

*

Jumatatu, 6 Februari

Mwanangu,

Marahaba, mama. Mgongo upo, masikio yamekwenda zake bila kuaga, mengine yote tunashukuru. Shangazi yako anayasema sana mambo yangu; mwambie chumvi aitie kwenye mboga, asiitie kwenye maneno.

Hiyo saa yenu nimeipenda. Sisi mafundi hatumwagi zege kabla ya kukaa chini, mtu wa nondo, mtu wa mbao, mtu wa mchanganyiko, kila mmoja aseme alipofikia. Fundi anayejifungia na kazi yake hunyoosha ukuta wake na kupinda nyumba nzima.

Kuhusu mlango, usiurande. Mlango haunenepi. Mbao huvimba wakati wa mvua na kunywea kiangazi, na wako unabana kiangazi hiki, kwa hiyo ugonjwa hauko mlangoni. Niambie: unabana juu au chini? Upande wa bawaba au wa kitasa? Ukipanda ngazi, darasa lako liko kulia au kushoto? Chini yako kuna darasa gani?

Nijibu upesi, usingoje mwisho wa mwezi kama kawaida yako. Na Jumatano waulize wenzako kama kuna mwingine aliyeona kitu.

Baba yako

*

Alhamisi, 16 Februari

Baba,

Shikamoo. Ulisema upesi, lakini nimengoja tukae mezani ili nije na majibu kamili.

Unabana juu, upande wa kitasa. Kushoto ukipanda. Chini yangu ni Darasa la Kwanza.

Jana zamu yangu ilipofika nikasema kilichonishinda ni mlango. Wakacheka. Kisha mwalimu wa la Tatu, jirani yangu wa huko juu, akaacha kucheka. Akasema kwake chaki ukiiweka mezani huviringika yenyewe mpaka inaanguka, na watoto wameufanya mchezo, wanashindanisha chaki. Kamusi akasema ukuta wa ngazi una ufa mpana kiasi kwamba yeye huchomeka humo orodha zake za mahudhurio asizipoteze. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akaongeza, maana methali ikimjia hawezi kuizuia. Wa mwisho alikuwa mwalimu wa la Kwanza, mgeni kati yetu, mwenye sauti ndogo. Alisema kila asubuhi anakuta vumbi jeupe kwenye madawati ya safu ya nyuma, analifuta kabla watoto hawajaingia.

"Tangu lini?" Mkuu akamuuliza.

"Tangu nilipoajiriwa. Nilidhani ni mchwa. Nilidhani kufuta ndiyo kazi yangu."

Vumbi, chaki, ufa, mlango. Mwaka mzima kila mtu alikuwa na kipande chake na hakumwambia mwenzake, kwa sababu tunapishana tukikimbilia kengele. Mkuu akachora jengo kwenye karatasi kubwa, kila mmoja akaweka alama pale alipoona kitu. Alama zote zilikaa kona moja. Tukatoka nje uwanjani tukasimama tunalitazama, walimu tisa, kama watu wanaomtazama mgonjwa aliyesema hajambo.

Leo asubuhi amekuja Afisa wa elimu. Wazazi wamelalamika kwamba Jumatano watoto wanazurura na walimu wanapiga soga. "Mwalimu anaajiriwa kufundisha, haajiriwi kukaa," akatuambia. Mkuu alimwonyesha ule mchoro. Akasema jengo limesimama miaka thelathini na litasimama thelathini mingine.

Sijui niogope au nisiogope. Niambie wewe.

Binti yako

*

Jumanne, 21 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Ogopa.

Sikiliza vizuri. Kata vipande vyembamba vya karatasi, vipake gundi ncha zote mbili, vibandike kuvuka kila ufa mtakaouona, andika tarehe. Kimoja kwenye ngazi, kimoja kwako, kimoja la Tatu, kimoja la Kwanza. Ukuta uliotulia hauchani karatasi. Ikichanika, ujue ukuta unatembea. Na umwambie huyo Kamusi kwamba methali yake haikutungwa na fundi. Kuna ufa ambao ukiuziba umejifumba macho tu. Asipake kitu.

La pili. Darasa la Kwanza, ukuta wa nyuma, kuna kabati la mbao lililojengewa ukutani. Toeni mbao zake za nyuma. Kuna nguzo hapo. Igonge kwa jiwe kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua. Zege zima hulia kama jiwe. Uniambie hiyo inaliaje.

La tatu. Safu ya nyuma ya la Kwanza asikae mtoto. Wabanane mbele. Nawe meza yako isogeze mbali na ukuta ule.

Shangazi anakusalimu. Ananilazimisha kula.

Baba yako

*

Jumamosi, 25 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako ilifika juzi, na karatasi tulizibandika siku ile ile. Jana saa nane tukazipitia. Mbili nzima. Ya ngazi imechanika katikati. Ya la Kwanza imevutwa mpaka gundi imebanduka. Siku moja tu, Baba.

Leo watoto hawapo, tumetoa mbao za kabati, mimi na Kamusi. Nguzo ipo. Sakafuni ililia kama jiwe. Nilipofika usawa wa goti ikalia kama boga kavu. Kamusi aliweka kiganja chake pale akakiondoa haraka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha. Nikagonga tena. Zege likamwagika kama unga wa dona, ndani nikaona nondo iliyoliwa na kutu, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho.

Mkuu alimpelekea Afisa picha za zile karatasi zilizochanika. Jibu limekuja na muhuri: saa ya walimu kupanga pamoja imefutwa kuanzia Jumatano hii, "kwa kuwa imegeuzwa kikao cha kuzusha hofu." Jengo litakaguliwa zamu yake ikifika.

Sasa kuna jambo nimezunguka nalo tangu asubuhi. Sijawahi kukuandikia habari za kabati. Lile kabati limejaa ramani kuukuu, hata mwalimu wa darasa hakuwa na habari kwamba nyuma yake kuna nguzo. Na wewe hujawahi kufika hapa. Kila nikikualika una mgongo, una masikio, una mbuzi wa Shangazi.

Umejuaje, Baba?

Binti yako

*

Alhamisi, 2 Machi

Baba,

Nimengoja. Najua barua yangu ilifika Jumatatu, karani wa mabasi ameniambia uliipokea mwenyewe. Shangazi anasema unakaa nyuma ya nyumba, hutaki kusemeshwa.

Jana ilikuwa Jumatano na hatukukaa. Kengele ya saa sita ililia, kila mmoja akabaki na darasa lake. Leo ndiyo nimegundua kwamba karatasi ya la Tatu nayo imechanika, tangu Jumanne. Mwenzangu alidhani nimeshaiona. Mimi nilidhani ikichanika ataniambia. Mlango wake na wangu ni hatua kumi, Baba, na siku mbili zimepita hivi hivi. Mvua imeanza. Kwenye ngazi maji yanateremka kwa ndani.

Nafundisha huku nasikiliza. Mtoto akiburuta dawati, naangalia ukuta. Jana nimemfokea mmoja kwa kuangusha rula, akalia. Nina watoto thelathini na tisa, na chini ya miguu yao wapo wa la Kwanza arobaini na wawili. Hesabu hiyo hainitoki kichwani.

Nijibu. Hata kama jibu ni baya, nijibu.

Mwanao

*

Ujumbe wa simu, Jumapili, 5 Machi

Baba yako ameniamuru niandike hivi hivi alivyosema. Kesho watoto wasiingie upande wa kushoto. Barua iko kwenye basi. Anasema usidhani ni uoga wa uzee. Mwanangu kuna nini huko? Mbona kaka yangu analia?
Shangazi yako

*

Jumapili, 5 Machi

Mwanangu,

Sina salamu inayofaa, unisamehe.

Nimejua kwa sababu nguzo ile niliimwaga mimi, na kabati lile nililijenga mimi ili niifiche.

Ni miaka thelathini na moja sasa. Shule ilikuwa ya chini tu, mkandarasi akapewa kazi ya kuiongezea ghorofa, nami nilikuwa fundi wake mkuu. Nilichimba pembeni nikautazama msingi. Ulikuwa msingi wa nyumba ya chini, hauna nguvu ya kubeba kitu juu yake. Nikamwambia. Akaniuliza, "Nani amekuita uje kufikiri?" Nguzo ile iliandikiwa nondo sita. Zililetwa mbili. Zege lilikuwa mchanga ulioonyeshwa saruji kwa mbali. Tulipofungua mbao, nguzo ilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Nikasema tuibomoe. Akasema, "Nje ya geti wamesimama mafundi kumi wanatafuta kazi. Chagua."

Mama yako alikuwa na mimba yako, miezi minane. Nikachagua. Nikapiga lipu juu ya matundu, na kwa kuwa nguzo ilikuwa imepinda, nikajenga kabati mbele yake mtu asije akaipima kwa timazi. Lilikuwa kabati zuri. Nilisifiwa.

Ulipopangiwa shule hiyo nikanyamaza mara ya pili. Nilijiambia kitu kilichosimama miaka yote hiyo kimeshazoea kusimama. Ni uongo, na fundi anajua ni uongo. Zege halizoei. Kila barua yako nilikuwa natafuta kwanza neno "ukuta" ndipo nirudi juu kusoma salamu. Ulipoandika mlango, nililiona kabati lile.

Mkandarasi amekwisha kufa. Nimebaki mimi. Karatasi ya pili humu ndani ni maelezo yangu yote, kina cha msingi, idadi ya nondo, kila kitu, na saini yangu chini. Mpe Mwalimu Mkuu, naye ampe Afisa. Najua kitakachonipata. Usinihurumie mimi, wahurumie hao arobaini na wawili.

Baba yako

*

Alhamisi, 9 Machi

Baba,

Jumatatu nilimwambia Mkuu kwamba kuna fundi ametuonya. Akauliza yuko wapi huyo fundi, ameandika wapi, maana kwa Afisa haendi tena mikono mitupu. Sikuwa na la kumwonyesha. Mimi na mwalimu wa la Kwanza tukawapeleka watoto uwanjani tukasingizia michezo. Saa nne mvua ikaturudisha ndani.

Barua yako ilifika Jumanne. Niliisomea kwenye stoo ya chaki, nimesimama. Kisha nikafanya jambo ambalo lazima nikuambie. Niliificha. Niliikunja ile karatasi yenye saini nikaiweka katikati ya daftari la mahudhurio, nikapanda ngazi, nikaingia darasani. Nilikuona akilini mbele ya meza ya askari, unaulizwa swali usilolisikia, unajibu mvua bado. Nikasema moyoni, kesho. Nikafundisha siku nzima juu ya nguzo ile huku najua. Nilikuwa najua kama ulivyokuwa unajua wewe.

Jana saa sita Mkuu aligonga kengele kwa mkono wake mwenyewe. Watoto wakaenda nyumbani. Akaingia chumba cha walimu, akakaa mahali pake mezani, akasema, "Kilichonishinda wiki hii ni kutii."

Tukakaa wote. Wa la Tatu akasema sakafu yake imeshuka upana wa kidole. Kamusi akasema kioo cha dirisha la ngazi kimepasuka, hakuna aliyekigusa. Wa la Kwanza akasema, "Mimi naogopa nikifundisha. Watoto wameanza kuniuliza mbona naangalia juu."

Ikafika zamu yangu. Nikatoa karatasi yako nikaisoma mpaka kwenye saini. Nikasema, "Huyu ni baba yangu. Na karatasi hii ninayo tangu jana."

Hakuna aliyenisema. Ingekuwa nafuu wangenisema. Mwalimu wa la Kwanza aliniuliza tu, "Tangu jana saa ngapi?" Nikamwambia saa tatu asubuhi. Akainamisha kichwa, nadhani alikuwa anahesabu vipindi.

Halafu tukapanga, Baba. Shemeji yake Kamusi ndiye mwangalizi wa ghala tupu nyuma ya soko. Madarasa manne ya kushoto yahamie huko. Nani atangulie, nani afunge njia, nani ahesabu vichwa mlangoni na nani ahesabu tena ghalani. Wawili wafundishe pamoja kundi moja kubwa, kwa kuwa sasa tunajua kila mmoja anafundishaje. Saa kumi ilitukuta bado tumeinamia meza.

Leo asubuhi tumewahamisha. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia hata kufuata kalamu. Wa la Kwanza walishikana mabega, mwalimu wao akawaambia leo wao ni garimoshi, wakavuka barabara wakipuliza. Karatasi yako iko mezani kwa Afisa tangu saa mbili.

Sina nguvu ya kuandika zaidi. Kula chakula.

Mwanao

*

Jumatano, 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Watoto wazima, wote. Naanza na hilo usije ukasoma mengine moyo umesimama.

Jumatatu Afisa alikuja ghalani. Karatasi yako aliisoma. Akasema maneno ya mzee mmoja hayawi ripoti, mhandisi atakuja mwezi ujao, na Jumatano, yaani leo, kila darasa lirudi mahali pake. Mkuu alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akatoa funguo mfukoni.

"Twende wote," akamwambia. "Nakufungulia la Kwanza. Ukae safu ya nyuma kipindi kimoja tu, dakika arobaini, nami nitakaa pembeni yako. Kengele ikilia tumekaa salama, nawarudisha watoto leo leo."

Walikwenda mpaka mlangoni. Mkuu akafungua. Afisa aliangalia dari, akaangalia ile nguzo iliyo wazi, akasema ana kikao mjini.

Jana saa nne na robo jengo likaanguka.

Haikuwa sauti kubwa kama nilivyokuwa nafikiria siku zote hizi. Ilikuwa kama lori linamwaga kokoto, kisha likaendelea kumwaga, na kumwaga. Watoto wakageukia mlango. Mmoja akauliza, "Mwalimu, ni shule?" Nikamwambia ndiyo. Tukaanza kuhesabu. Wangu thelathini na tisa. La Pili wote, la Tatu wote. La Kwanza arobaini na mmoja. Tukarudia. Arobaini na mmoja.

Mwalimu wao alitoka mbio, viatu vikabaki mlangoni, anaelekea kwenye lile vumbi, nami nyuma yake. Sikuwa nafikiri kitu, Baba. Nilikuwa nasikia ile nguzo inavyolia, kavu, kavu, kila hatua. Kamusi alitufuata akiita tusiingie, tusiingie, mpaka sauti ikamkauka. Tulikuwa tumefika uwanjani ndipo akatufikia, akatushika nguo. Mtoto alikuwa bombani nyuma ya ghala, anakunywa maji. Tulipoletwa kwake tukapiga magoti tunalia, naye akaanza kulia, akidhani amefanya kosa.

Sakafu ya darasa langu imelala juu ya madawati ya la Kwanza. Safu ya mbele, ile tulikowabanisha watoto ili wawe salama, nayo haionekani.

Mhandisi anakuja kwako wiki ijayo pamoja na watu wawili wa upelelezi. Nimewaambia wakuandikie maswali, husikii. Nimewaambia pia kwamba bila karatasi yako tusingekuwa ghalani. Sijui kama nimekusamehe. Nikiwaona la Kwanza wanapanga mstari, nakukasirikia. Halafu namkumbuka Mama na mimba yake ya miezi minane, na aliyekuwemo humo ni mimi. Nitakuja Jumamosi nikae nawe.

Binti yako

*

Jumatatu, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimeambiwa ulifika salama, na kwamba Jumatano yenu imerudishwa, wazazi wenyewe ndio wanaokuja kukaa na watoto ninyi mkiwa mezani. Nimefurahi. Na asante kwa kuja. Tulikaa siku nzima bila kusema neno, lakini uliniandalia chai ukanipa mkononi. Hilo nimeliweka.

Mwandiko usiucheke, naandikia gotini ndani ya gari la mhandisi.

Baada ya wewe kuondoka walinihoji, kwa maandishi kama ulivyowaagiza. Swali la kwanza nililitarajia, na la pili, na la tatu. La nne mhandisi aliliandika mwenyewe, polepole, akanigeuzia karatasi. "Na huyo mkandarasi, mlijenga naye wapi kwingine?"

Mwanangu, naapa sikuwa nimejiuliza. Au nilijiuliza siku moja nikapiga lipu juu yake. Nikaomba karatasi nyingine.

Majengo yamefika sita. Kesi yangu itakuja, wamesema, lakini kwanza niwaonyeshe, kwa sababu michoro imepotea yote na mchoro uliobaki ni mimi. La kwanza lilishabomolewa zamani. La pili ni kiwanda cha sabuni, wafanyakazi wametolewa juzi. Nguzo sizisikii tena zikilia, kwa hiyo mimi naweka kiganja, mhandisi anagonga, kisha tunatazamana usoni. Mara nyingi hana haja ya kuniandikia kitu.

Sasa tumesimama mbele ya la tatu. Ni nyumba za kupanga, ghorofa tatu. Nilikuwa nimesahau kwamba tulikwenda juu hivi. Kwenye roshani wameanika mashuka na sare za shule. Nguzo ninayoihofia iko chini kabisa, ndani ya duka la fundi cherehani, na kuna watu wanne wameiegemea wanazungumza. Mhandisi ameniandikia, "Utawaambia wewe au niwaambie mimi?" Nimemwandikia kwamba nitawaambia mimi.

Ghorofa ya pili kuna mama amebeba mtoto mgongoni, ametuona tunavyoangalia juu. Ameacha kuanika. Anashuka ngazi kuja kutuuliza tunatafuta nini.

Naweka kalamu.

Baba yako